Mabomba na maji ya moto katika nyumba kongwe ya mawe: namna ya kupanga kabla fundi hajaanza kazi

Nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Zanzibar hazikujengwa kwa ajili ya maji ya mfereji. Zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, sakafu zake zikalazwa juu ya boriti za mikoko, na waliokaa humo walichota maji kisimani au waliletewa na wachukuzi, wakayaweka katika birika na kuyatumia kwa kata. Seyyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, ndiye aliyeyaleta mjini maji ya mabomba kutoka chemchemi zilizo kaskazini ya mji, lakini nyumba nyingi zilikwisha kusimama wakati huo, na zilizojengwa baadaye zilifuata ufundi ule ule. Leo nyumba hizo hizo zinatakiwa zibebe vyoo vitatu vya kuvuta maji, shawa, sinki la jikoni, mashine ya kufulia na hita, na mara nyingi vitu vyote hivyo huingizwa kwa wiki chache na fundi aliyezoea nyumba za matofali.

Mwongozo huu ni kwa mwenye nyumba anayetaka kuyapanga mambo hayo kabla ya nyundo ya kwanza kupigwa. Kanuni inayouongoza ni moja: maji yapite mahali panapoonekana au panapofikika kwa mkono, na kila chumba chenye maji kiwe na njia fupi ya kuyatoa nje.

Kanuni hiyo niliipata kwa hasara. Katika nyumba yetu ya urithi, mtaa wa Kiponda, Mji Mkongwe, fundi alichimbua ukuta wa ghorofa ya kwanza, akalaza bomba ndani yake na kulifunika kwa saruji. Kazi ilipendeza macho. Mwaka wa pili, lipu ya upande wa pili wa ukuta, chumbani kwa mama mkubwa, ilianza kutoa unga mweupe mfano wa chumvi; tuliufuta, tukapaka rangi, ukarudi. Tulipobandua lipu tulikuta kichwa cha boriti kilichoingia ukutani kimekuwa cheusi na kimevimba, na bisibisi niliyoichomeka ilizama mpaka kwenye mpini bila ya kusukumwa, kama kisu kinavyoingia katika boflo. Uvujaji wenyewe ulikuwa tone moja moja kwenye elibo, yaani kiungio cha kona. Tulibadilisha boriti tatu kwa sababu ya tone hilo.

Ukuta wa mawe na chokaa hunywa unyevu na kuutoa. Hiyo ndiyo tabia yake na ndiyo iliyouweka hai miaka mingi katika hewa ya bahari. Saruji haiutoi unyevu kwa wepesi. Ukiufunika ukuta huo kwa saruji, maji yaliyomo ndani hukosa pa kutokea, hupanda juu zaidi au huingia ndani zaidi, na mahali laini kuliko pote ukuta unapoyapokea ni pale vichwa vya boriti vilipolala. Kila hatua iliyo hapa chini inatokana na jambo hilo.

Hatua ya kwanza: isome nyumba

Tenga angalau siku mbili za kuitembelea nyumba kabla ya kuchora chochote, na ikiwezekana siku moja iwe ya mvua za masika. Chukua utepe wa kupimia, tochi, bisibisi na daftari. Chora ramani ya kila ghorofa, hata kama mkono wako si wa mchoraji, na uandike juu yake mambo haya: unene wa kila ukuta, boriti zimelala kuelekea upande gani katika kila chumba, choo cha zamani kilikuwa wapi, kisima kiko wapi, na karo, yaani shimo la maji machafu, liko wapi. Vyumba vya nyumba hizi ni vyembamba na virefu kwa sababu boriti ya mkoko kwa kawaida haivuki zaidi ya mita 3 hivi; kwa hiyo ukijua upana wa chumba umekwisha kujua boriti zimelala wapi na kuta zipi zinabeba mzigo.

Gusa kila boriti unayoifikia. Boriti nzima ukiigonga hujibu kwa sauti kavu, na iliyooza hujibu kwa sauti ya kitu kilichojaa pamba. Chunguza zaidi sehemu ya mwisho, pale inapoingia ukutani, na chini ya kila bafu. Katika kuta tafuta unga mweupe, rangi iliyovimba na alama za kuvu, kisha ujiulize maji hayo yanatoka wapi: chini ardhini, juu paani, au kwenye bomba la sasa.

Bomba la sasa lina kipimo chake, na ni rahisi. Usiku watu wakishalala, funga mifereji yote, soma tarakimu za mita ya maji ukaziandike. Alfajiri, kabla mtu hajatia udhu, soma tena. Ikiwa tarakimu zimesogea na hakuna tangi lililokuwa likijaa, kuna mahali panapovuja. Hakikisha kwamba usiku huo maji ya Mamlaka ya Maji, yaani ZAWA, yalikuwa yanatoka, kwa sababu mita haisogei wakati mabomba ni makavu na kipimo hicho hakitakuwa na maana.

Hatua ya pili: kibali na jirani

Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na tangu 1985 una chombo chake, Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Kazi ya kubadilisha nyumba ndani ya eneo hilo inahitaji kibali chake, na mabomba, matangi ya paani na sahani za kupashia maji kwa jua ni katika mambo yanayobadilisha sura ya nyumba. Ikiwa nyumba ni ya wakfu au ya Serikali, anza kwa mwenye mali kabla ya kwenda Mamlaka. Ikiwa ni ya warithi, waite warithi wote na uwaoneshe mchoro, kwa sababu tangi la maji huwekwa juu ya kichwa cha mtu fulani na bomba la maji machafu hupita mbele ya dirisha la mtu fulani.

Jirani naye ana haki yake. Kuta nyingi katika mitaa hiyo ni za shirika, yaani za pamoja baina ya nyumba mbili, na maji yanayovuja kwako huonekana kwake kwanza. Mpelekee habari mapema, muulize kama upande wake una unyevu, na ikiwezekana piga picha za ukuta wake kabla ya kazi kuanza, ili baadaye pasiwe na neno kati yenu.

Hatua ya tatu: anza na maji yanayotoka

Watu wengi huanza kwa kuchagua mahali pa shawa. Mpangilio sahihi ni kinyume chake, kwa sababu bomba la maji safi ni jembamba, hupinda na hupanda, lakini bomba la choo lina kipenyo cha milimita 110, hutaka kuteremka muda wote, na halina subira na kona. Mahali linapoweza kupita bomba hilo ndipo patakapoamua choo kikae wapi.

Tafuta kwanza yanakoishia: ni kwenye bomba kuu la maji machafu la mtaa au ni kwenye karo? Lifunue karo na ulione kwa macho. Usiridhike na kauli ya kwamba halijapata kujaa. Karo lisilojaa kamwe huenda linapitisha maji chini ya msingi wa nyumba. Kisha tafuta njia ya kutoka huko hadi juu. Katika nyumba nyingi za zamani vyoo vilipangwa kimoja juu ya kingine, na uchafu ulishuka kwa njia iliyojengwa ndani ya ukuta au pembeni mwake. Njia hiyo, ikiwa bado ipo, ni hazina: bomba jipya linaweza kupita humo bila ya kukata boriti hata moja. Isafishe, uikague, na uiachie mlango mdogo wa kukagulia katika kila ghorofa.

Kama haipo, bomba lipite nje ya ukuta, upande wa ua wa ndani, lishikwe kwa vibano na lionekane. Najua wako wanaoona kwamba bomba la nje ni ubaya. Bomba linaloonekana likitoa jasho utaliona siku hiyo hiyo, na rangi ya chokaa inayofanana na ukuta huliondolea ubaya mwingi. Upande wa mtaani lisipite kabisa.

Mteremko wa mabomba yanayolala uwe sentimita 2.5 kwa kila mita. Kwa hiyo choo kilicho mita 4 kutoka kwenye bomba la kushukia kinahitaji sentimita 10 za mteremko, na kina hicho hakipatikani katika sakafu ya boriti bila ya kuikata. Hapo ndipo inapoonekana kwa nini choo lazima kikae karibu na bomba la kushukia, mita moja au moja na nusu kikizidi. Boriti isikatwe, isichongwe, wala isitobolewe. Bomba lipite kati ya boriti mbili, na mahali linapopenya sakafu livalishwe kipande cha bomba pana zaidi, ili sakafu ikisogea kidogo, kama sakafu hizi zinavyofanya kati ya kaskazi na masika, bomba lisivunjike. Juu kabisa bomba la kushukia liendelee hadi juu ya paa likiwa wazi; bila ya pumzi hiyo, choo kikivutwa maji juu hunyonya maji ya mtego wa sinki la chini, yaani kona inayobaki na maji ili kuzuia harufu, na harufu hupanda nyumbani.

Mambo mawili ya kwetu yaingie katika mchoro tangu mwanzo, kwa sababu baadaye hayarekebishiki kwa urahisi. La kwanza ni kibla. Kutoka Zanzibar, Makka iko karibu kaskazini kabisa, kwa hiyo choo kiwekwe ili anayekaa aelekee mashariki au magharibi. Mwambie fundi neno hilo kabla hajapima tundu la sakafuni. La pili ni chumba cha maji cha chini. Kiwe kipana, kiwe na mfereji wa chini wa kutawadhia na sakafu inayokimbiza maji vizuri, maana ndicho kitakachotumiwa na mzee asiyepanda ngazi, na mzazi aliye ndani ya arubaini yake, na siku nyumba ikipata msiba ndipo marehemu atakapooshewa.

Hatua ya nne: tangi, na uzito wake

Maji ya mjini hayatoki saa zote, kwa hiyo tangi ni lazima. Kwa hesabu za kupangia mimi hutumia lita 80 kwa mtu kwa siku. Familia ya watu sita itahitaji lita 480, na tangi la lita 1,000 litawatosha siku mbili. Hesabu hiyo ni nyepesi. Nzito ni ya pili: lita 1,000 za maji ni kilo 1,000, yaani tani nzima, na tangi lake hukalia eneo la mita moja ya mraba hivi. Sakafu ya nyumba mpya ya kuishi kwa kawaida hukadiriwa kubeba kilo 150 hadi 200 kwa mita ya mraba. Tangi hilo ni mara tano yake, na sakafu yako si mpya.

Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka mchana na watu wawili wakapoteza maisha. Kila anayepanga kuongeza mzigo juu ya jengo la zamani aikumbuke siku hiyo na awaombee marehemu.

Mpango ninaoupendekeza ni wa matangi mawili. Tangi kubwa likae chini, uani, juu ya jukwaa la mawe lililoinuliwa kidogo kutoka ardhini, lijazwe na maji ya ZAWA yenyewe yanapotoka. Tangi dogo la lita 200 au 300 likae juu, nalo lisisimame katikati ya chumba, bali juu ya mihimili iliyolazwa kutoka ukuta mnene hadi ukuta mnene, ili uzito uteremke kwenye kuta na usiziguse boriti. Pampu ndogo hupandisha maji kutoka chini hadi juu, na boya la umeme huizima tangi likijaa. Bomba la kufurikia ni la lazima kwenye tangi la juu, na mdomo wake utoke mahali ambapo watu wa nyumbani wataona maji yakimwagika. Boya huharibika siku moja, na ikiwa maji ya kufurika yanamwagikia juu ya paa au ukutani kimya kimya, utajua baada ya miezi.

Wapo wanaoliacha tangi la juu wakafunga pampu ya kusukuma maji moja kwa moja kwenye mifereji. Presha huwa nzuri, lakini umeme ukikatika nyumba nzima hukauka. Waliokuwepo hapa kati ya Disemba 2009 na Machi 2010, umeme wa Unguja ulipopotea kwa muda wa miezi mitatu, hawatahitaji maelezo marefu. Tangi la juu hata dogo huwapa watu maji ya udhu na ya chooni wakati kila kitu kimezimika. Kila mita moja ya kwenda juu hutoa presha ya bari 0.1, tangi lililo mita 3 juu ya shawa litatoa bari 0.3, ambayo ni ndogo, na dawa yake ni kutumia mabomba mapana zaidi kutoka tangini, ya milimita 32 au 25, na kona chache.

Kisima cha uani kisifukiwe. Maji yake mjini kwa kawaida yana chumvi, na kwa kuwa makaro ya majirani yako karibu hayafai kunywewa, lakini yanaweza kutumika kwa kuvutia choo na kuoshea ua. Sharti ni kwamba mabomba yake yawe mbali kabisa na ya ZAWA, yasiunganishwe hata kwa koki iliyofungwa.

Hatua ya tano: njia na aina ya mabomba

Kwa maji safi, mabomba ya plastiki ya PPR yanayoungwa kwa moto yanafaa kuliko ya chuma, ambayo hewa ya bahari na maji ya chumvi huyala. Yana maudhi yake: jua huyaharibu, kwa hiyo yaliyo nje yafunikwe au yapakwe rangi, na ya maji ya moto hurefuka. Bomba la mita 10 likipata joto la nyuzi 30 zaidi hurefuka kiasi cha sentimita 4.5; likibanwa ncha zote litapinda kama nyoka au litavuta viungio vyake. Liachiwe kona ya kupumulia, au itumike aina yenye tabaka la alumini ndani, ambayo hairefuki sana kama ile ya kawaida.

Ukutani, mabomba yashikwe kwa vibano vya plastiki au vya chuma kisichoshika kutu. Matundu yatobolewe kwa keekee inayozunguka tu, bila ya kugonga, na vigingi vishikizwe kwa chokaa. Ikibidi bomba livuke ukuta, livuke moja kwa moja upande hadi upande, ndani ya kipande cha bomba pana, na pasiwe na kiungio ndani ya unene wa ukuta. Hilo la mwisho mwambie fundi mara tatu.

Kila chumba chenye maji kiwe na koki yake mlangoni, na mpira wa kujitwahirishia uwe na koki yake peke yake, ifungwe kila baada ya kutumika. Mipira hiyo hupasuka usiku, na lita mia kadhaa juu ya sakafu ya chokaa hazisubiri asubuhi.

Hatua ya sita: maji ya moto

Nchi yetu haihitaji kupasha nyumba moto. Linalohitajika ni maji ya moto ya kuogea, hasa wakati wa kipupwe, ya wazee, ya watoto na ya jikoni, na hesabu yake ni vizuri mtu aifanye mwenyewe kabla ya kuingia dukani.

Maji yetu ya tangini huwa na joto la nyuzi 27 hivi. Kuipasha ndoo ya lita 20 hadi nyuzi 40, joto linalofaa mwilini, hutumia kiasi cha uniti 0.3 za umeme. Watu sita wakioga mara moja kwa siku ni uniti 1.8, ukiacha joto linalopotea njiani. Hita ya lita 80 iliyopashwa hadi nyuzi 60 hutumia uniti 3 na hukamilika kwa saa moja na nusu ikiwa nguvu yake ni kilowati 2. Na kwa kuwa maji ya nyuzi 60 lazima yachanganywe na baridi, lita hizo 80 hutoa karibu ndoo kumi za kuogea. Kwa hiyo familia ya watu sita haihitaji hita kubwa zaidi ya hiyo, na anayeuziwa ya lita 200 anauziwa uzito na gharama asizozihitaji.

Njia ya kwanza ni hita ya papo kwa papo inayofungwa bafuni. Ni ndogo, haina uzito, na haiweki maji. Lakini ya kilowati 5.5 huvuta ampea 24, na nyaya za nyumba nyingi kongwe hazikulazwa kwa mzigo huo. Isifungwe kwenye soketi wala kwenye waya wa taa; iwe na waya wake kutoka kwenye bodi, wa milimita 4 za mraba au zaidi, na kikatio chake. Ethi, yaani waya unaopeleka ardhini umeme uliovuja, iwe ya kweli, ipimwe na fundi umeme kwa kifaa, na pawe na kikatio kinachojizima umeme unapovuja kwa miliampea 30. Katika nyumba zilizorithiwa na kugawanywa mara kwa mara nimeona waya wa ethi uliokuwa umekatwa na kukunjwa nyuma ya soketi, na mwenye nyumba anaoga kila siku akidhani yuko salama. Hapa usiangalie gharama.

Njia ya pili ni hita ya tangi. Itundikwe juu ya ukuta mnene, usiwe ukuta mwembamba wa kugawa vyumba, na karibu kabisa na bafu na jikoni. Ukaribu una thamani: bomba la milimita 25 lenye urefu wa mita 15 hubaki na lita 3 za maji ndani yake, ambazo hupoa na kumwagwa kila unapofungua mfereji. Joto liwekwe nyuzi 60. Chini ya hapo, maji ya vuguvugu yanayokaa tangini hulea vijidudu vya lejionela, ambavyo huingia mapafuni kwa mvuke wa shawa. Juu ya hapo, maji yetu magumu, yaliyopita katika mawe ya chokaa, huweka ukoko haraka kwenye chuma cha kupashia. Nyuzi 60 humuunguza mtoto kwa sekunde chache tu, kwa hiyo pawe na koki ya kuchanganyia inayojirekebisha yenyewe katika bafu la watoto na wazee.

Maji yakipashwa hutanuka. Lita 80 zikitoka nyuzi 27 hadi 60 huzidi lita moja, na lita hiyo lazima ipate pa kwenda, la sivyo hita hupasuka. Valvu ya usalama isizibwe kwa sababu inadondosha maji. Kudondosha ndiyo kazi yake. Bomba lake lipelekwe mpaka kwenye tundu la sakafuni, lisiishie juu ya dari. Mwite fundi kila mwaka aifungue hita, autoe ukoko na akague fimbo ya magnesi, ambayo huliwa na kutu badala ya tangi.

Njia ya tatu ni jua, na kwa hali yetu ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Tangi hukaa juu ya sahani, maji yakipata moto hupanda yenyewe na baridi hushuka, bila ya pampu. Kwa kuwa sisi tuko nyuzi 6 kusini ya ikweta, sahani ielekezwe kaskazini, yaani upande wa kibla, na iinamishwe kadiri mtengenezaji alivyoagiza ili mzunguko usisimame. Masika mawingu yakikaa siku nyingi, chuma kidogo cha umeme ndani ya tangi hilo husaidia. Mtambo wa lita 150 hadi 200 ukijaa hufika kilo 250 na zaidi, kwa hiyo sharti la mihimili ya ukuta hadi ukuta ni lile lile, na Mamlaka ya Mji Mkongwe itataka kujua kama utaonekana kutoka mtaani. Mara nyingi paa linaloelekea uani hutoa mahali palipojificha.

Hatua ya saba: sakafu ya bafu

Usimwage zege juu ya boriti. Sentimita 5 tu za zege zina uzito wa kilo 120 kwa kila mita ya mraba, na zikipasuka maji hupita chini yake pasipoonekana. Kwenye ghorofa, shawa ipewe beseni lake la kusimamia lililoinuliwa, lenye tundu linalofikika kutoka pembeni, na sakafu iliyobaki ipate utando wa kuzuia maji unaopanda ukutani sentimita 15, chini ya vigae vyepesi. Ukuta nyuma ya shawa uwe na vigae juu ya bamba lililoachwa mbali kidogo na ukuta wa mawe, ili hewa ipite nyuma yake. Dirisha la bafu libaki dirisha. Aliyeliziba ili apate nafasi ya kabati ameukaribisha unyevu ukae. Mashine ya kufulia ikae chini, juu ya ardhi, pasipo mjadala.

Hatua ya nane: kujaribu kabla ya kufunika

Mabomba ya maji safi yajazwe, yatolewe hewa, yapandishwe presha hadi mara moja na nusu ya ile ya kazi, na yaachwe mpaka kesho yake huku saa ya presha ikiwa imefungwa. Sindano ikishuka, tafuta kiungio. Usikubali kuambiwa kwamba ni hewa. Mabomba ya maji machafu yazibwe chini, yajazwe maji na yaangaliwe kwa saa kadhaa. Malipo ya mwisho ya fundi yasubiri majaribio haya, na jambo hilo liandikwe katika mapatano siku ya kwanza.

Kabla ya kipande chochote kufunikwa, piga picha kila ukuta ukiwa umeweka utepe wa kupimia ndani ya picha. Chora upya ramani uliyoianza siku ya kwanza, sasa ikiwa na mabomba kama yalivyopita kweli, si kama yalivyokusudiwa, na kila koki ipewe nambari inayolingana na kibao kilichofungwa juu yake. Sisi ramani hiyo tumeibandika nyuma ya mlango wa stoo, ndani ya karatasi ya plastiki, na nakala yake kila mrithi anayo.